Njiwa Waliozaliwa Sofu

Kwetu Kibuta, njiwa wakihama nyumba, watu hawaulizi kama walikuwa na njaa. Wanauliza mke na mume wamegombana nini. Njiwa hakai penye ugomvi, ndivyo tulivyokuzwa, na ndiyo maana nilipoolewa Sofu, kule Kibaha, baba alinipa jozi ya njiwa wake, wale wenye manyoya mpaka vidoleni, ambao sisi tunawaita wa soksi. Njiwa wa mtaani kwetu Sofu wana miguu mitupu.

Niliwafungia bandani wiki moja, nikawafungulia. Jioni baba akapiga simu kwamba wako juu ya paa lake. Akawaleta tena, wakarudi tena. Hapo majirani wa Sofu wakaanza kuniangalia kwa jicho la pole, na kutoka Kibuta akatumwa shangazi, dada yake baba, kuja kutusuluhisha. Alishinda sebuleni akimhoji mume wangu, mtu ambaye hata kuku hamfokei. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alibeba sahani yake akaenda kula jikoni. Nyumba yake ilikuwa imetiwa doa, na doa lilikuja na mimi. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mtaani.

Mimi si mtu wa kushindwa na ndege. Nilikaa nikafikiri, nikaona hawa hawaikimbii nyumba yangu, wanarudi walikoanguliwa. Basi nikaomba jozi nyingine, na hiyo sikuifungulia mlango hata siku moja. Niliilisha mtama humo humo bandani mpaka ikataga, ikaatamia, wakatoka makinda wawili. Hao ndio niliowafungulia. Walipokomaa, soksi zao miguuni vilevile kama za Kibuta, mume wangu akawa anawabeba kwenye pikipiki na kuwaachia Mlandizi, siku nyingine mbali zaidi, na kila mara walimtangulia nyumbani. Nikasema sasa wakati umefika.

Tukaenda Kibuta na tenga letu. Nilihakikisha shangazi yupo. Baba akamshika mmoja, akamlinganisha na wa kwake, akatabasamu.

"Hii damu yangu," akasema. "Wakiwaona ndugu zao watatua. Usije ukalia hapa."

"Wewe fungua tu, baba."

Wakapaa. Wakazunguka juu ya banda la baba, na wenzao wanaofanana nao kama mapacha wamejipanga pale chini. Mmoja alishuka karibu kabisa na paa. Nikajiona nikirudi Sofu na tenga tupu, mama mkwe akiniangalia. Kisha njiwa yule akapiga mbawa, akamfuata mwenzake, wakapotea upande wa Kibaha.

"Mwewe atawala njiani," shangazi akasema.

Tukala wali, sikusikia ladha yake. Chai ilikuwa inamiminwa simu yangu ilipoita. Alikuwa mama mkwe. Nikaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Mwanangu, njiwa wetu wamefika," alisema. "Nimeshawapa mtama."

Alikuwa akiniita mwanangu tangu siku ya ndoa, lakini njiwa hawakuwahi kuwa wetu. Walikuwa wangu, na aibu yao ilikuwa yangu. Furaha ilinipanda mpaka nikasimama mkekani. Nikamgeukia shangazi kwa adabu zote.

"Shangazi, shikamoo tena. Njiwa wameletwa hapa kwa baba, kwenye banda zuri, na ndugu zao wapo, na wamekataa kukaa. Hebu nisaidie, baba na mama wamegombana nini?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akaliweka birika chini lisimwagike. Baba alijaribu kukaza uso, akashindwa. Shangazi akajifunga khanga yake vizuri, akajisogeza mbele ya kaka yake.

"Haya, kaka, na wewe wifi," akasema. "Kaeni hapo mnieleze. Nani alianza?"