Sambusa Nilizompelekea Zuhura

Jamani, mwenzenu hata leo nikipita karibu na kwa Mama Zuhura naenda nimeinamisha kichwa utadhani natafuta sindano, na aibu hiyo sikuletewa na mtu, niliipika mwenyewe, nikaikaanga kwa mafuta ya alizeti, nikaibeba kwenye hotpoti mpaka mlangoni kwao.

Tulikuwa bado wageni hapa Shelui. Tulihama Manyoni kwa ajili ya kazi ya Baba Neema (dereva wa malori, nyumbani kwake ni barabarani), na binti yangu Neema akakaa muda mrefu hana rafiki, anacheza uani peke yake na kuku, mpaka Zuhura, mtoto wa jirani, alipoanza kuja asubuhi kumwita pale mlangoni, "Neemaaa, twende shule!" Aliyewahi kuona mwanawe anatengwa ndiye atajua nilivyokuwa nikifurahi kusikia ile sauti.

Basi ikafika siku ya kuzaliwa ya Zuhura. Neema akaniambia, "Mama, Zuhura anapenda sambusa za kuku kuliko hata keki." Nikasema kumbe hilo tu? Zawadi ya dukani ataisahau, sambusa atazikumbuka. (Na kweli amezikumbuka.)

Sasa mtaani kwetu, ukitaka kuku ambaye jirani Mwislamu naye atamla, unampeleka kwa Mzee Idd akuchinjie, sisi Wakristo wote tunafanya hivyo na nilikuwa najua vizuri tu. Nikaenda na jogoo wangu kwapani, nikaambiwa mzee kaenda shamba, atarudi alasiri. Na shughuli yenyewe ni alasiri hiyohiyo! Nikasimama pale jogoo ananipiga mabawa, nikajisemea ah, sambusa za watoto hizi, nani atauliza? Nikarudi nyumbani, nikamkanyaga mabawa, nikamchinja mwenyewe, Neema anatazama.

Kule kwenye shughuli watoto wakazipokea kwa vigelegele, Zuhura akamkumbatia Neema mbele ya wote, moyo wangu ukatulia kabisa. Ndipo bibi yake Zuhura, mama mtu mzima mpole, ambaye nilimwamkia shikamoo hata kabla sijakaa, akaniuliza taratibu, "Mama Neema, kuku kachinja nani?"

Ningesema kweli yangeisha palepale. Mdomo huu ukajibu, "Mzee Idd, Bibi."

"Haya, alhamdulillahi." Akachukua yake, akang'ata, akasifia na pilipili.

Hata hajaimaliza, nani huyo anaegesha baiskeli uani, jembe kalifunga nyuma? Mzee Idd! Bibi akamwita, "Karibu, njoo uonje kuku wako uliyemchinja."

"Kuku yupi tena? Mimi tangu alfajiri niko shamba."

Nikajifanya natafuta kifuniko cha hotpoti. Neema wangu, maskini, kuona mama yake hajibu akanisaidia, tena kwa kujivuna: "Mama kachinja mwenyewe! Wala hakuogopa!"

Bibi akageukia pembeni, akatema kwenye pindo la khanga yake, akatoka kwenda kusukutua. Mama Zuhura akawapitia watoto mmoja mmoja akiwatoa sambusa mikononi, Zuhura analia siku yake imeharibika. Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea! Bibi aliporudi alisema tu, "Mwanangu, ungesema, tungewapa majirani wengine wakala, na tungekushukuru vilevile. Umenilisha huku unaniangalia?" Nikamshika Neema mkono tukatoka, hotpoti nikaiacha palepale.

Kesho yake nikaenda kuomba radhi, wakanikaribisha, wakasema yameisha, nikarudi nimejiapiza kwamba sidanganyi tena. Jioni Zuhura akaleta hotpoti, akaiweka kizingitini, akaondoka mbio. Mnajua chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata viazi viwili utaweka. Neema akafunua, akachungulia, imeoshwa inang'aa, hamna kitu.

"Mama, wamesahau kuweka?"

"Ndiyo mwanangu, wamesahau." (Kiapo changu hicho, hata usiku hakikuuona.)

Siku hizi mtoto wa mtu akizaliwa, akitimiza mwaka, akifanya nini, mimi napeleka biskuti za dukani, pakiti haijafunguliwa, na nikiulizwa lolote nasema lilivyo. Lakini asubuhi Neema bado anavaa viatu mapema, anakaa pale mlangoni na begi lake, anasikiliza. Zuhura anapita na wenzake ng'ambo ya barabara. Namwambia nenda mwanangu, utachelewa.