Hotipoti ya Mama Mdogo Skola

Jumapili ile naikumbuka kwa mikono zaidi ya kichwa. Nilikuwa nimebeba hotipoti, na hotipoti ilikuwa nyepesi.

Ngoja, mwanangu, nirudi nyuma kidogo. Naona umeshafunga begi, na basi la Dar es Salaam linaondoka hapa Mbinga alfajiri. Mimi nikianza kusimulia huwa nasahau kwamba wenzangu wana safari. Lakini kaa. Chai bado ya moto.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, hukohuko Dar unakokwenda. Kazi yangu ya mwisho ya masomo niliiandika juu ya kipato cha kaya za mjini. Nilipita mitaa ya watu nikiuliza nani ana ajira, nani anafanya vibarua, wanakula nini asubuhi na nini jioni, na wakikwama wanamkimbilia nani. Walimu walinisifu. Ungeniamsha usingizini ningekueleza maana ya umaskini kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Na muda wote huo nililala kwenye kochi la baba yangu mdogo, Otmar, kule Mbagala, nikila chakula chake, bila kumwuliza hata swali moja kati ya yale niliyowasumbua nayo watu wa mtaa wa pili.

Baba mdogo Otmar alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Kwetu Namswea, kijijini huku milimani, jina lake lilikuwa kubwa. Ndiye aliyemwezekea bibi nyumba ya bati, ndiye aliyekuja kila Krismasi na shati jeupe lililopigwa pasi kama la padri. Mke wake, mama mdogo Skolastika, ambaye wote tulimwita Skola, alikuwa Mnyasa wa Liuli, kule ziwani. Wamatengo wenzetu wa Mbagala walimtania kwamba ameacha samaki wa bure akafuata wapanda milima. Naye akawajibu kwamba ziwani mtu akisema amevua, unamwona samaki, lakini milimani mtu akisema amelima inabidi upande kwanza ndipo uhakikishe.

Masika ya mwaka ule kiwanda kilipunguza watu. Baba mdogo hakusema. Kila asubuhi alivaa shati la kiwandani akaondoka, na kila jioni alirudi akiwa amelivaa.

Nilijua kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeshuka sokoni Tandika, natoka kupeleka barua za kuomba kazi ambazo hakuna aliyezijibu hadi leo. Nikamwona mtu mwenye fulana iliyolowa akishusha magunia ya vitunguu kwenye lori. Tukaangaliana. Akaliinua gunia begani kwa upande wangu, likamfunika uso, akapita.

Jioni akaingia na shati lake, akakaa.

"Umeshindaje, msomi?"

"Salama, baba. Pole na kazi."

"Nishapoa. Na wewe, huko?"

"Bado."

"Itapatikana," akasema, akageukia redio.

Mama mdogo alijua kabla yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akifua lile shati, na shati la fundi lisilonuka grisi halihitaji kuelezwa. Alianza kukaanga vitumbua vya kuuza asubuhi, akidai amechoka kukaa bure. Watoto wao wawili wadogo wakaanza kupewa uji mchana badala ya ugali, wakiambiwa uji unaongeza akili. Mimi, mwenye akili zilizokwisha kuongezwa na serikali, niliendelea kupewa ugali. Na niliula. Ndivyo nyumba ilivyokuwa: watu wazima watatu, wote tunajua, na kila mmoja anajitahidi wenzake wasijue kwamba anajua.

Sasa, wewe umekulia mjini hapa Mbinga, pengine sengu umeisikia tu kwa babu zako. Zamani, kule milimani, ukoo mmoja uliishi kwenye mgongo mmoja wa mlima, na jioni kila nyumba ilipeleka chakula chake kwa mzee wa ukoo. Wanaume wakala pamoja, wakazungumza mambo ya ukoo na kuwafunda vijana. Mke alileta alichopika, kiwe kingi au kidogo. Vyote vikachanganywa, na ambaye kwake hakukuwaka moto alikula sawa na mwenzake. Hiyo ndiyo sengu.

Watu wetu waliipeleka Dar es Salaam. Haikuwezekana kila jioni, kwa hiyo ikawa Jumapili moja kwa mwezi baada ya misa, uani kwa Mzee Ditram, mstaafu wa reli aliyetoka Ukata. Yeye, kwa ukoo, alikuwa baba kwa Otmar na babu kwangu. Lakini mjini kuna macho mengi. Taratibu dona likawa wali, wali ukawa pilau, matembele yakawa kuku. Vyungu vikawa hotipoti zenye maua. Nyumba zikawa zinajibana wiki nzima ili Jumapili ile zisionekane vibaya. Nami, msomi, nilisifu jambo hilo hadharani. Nilisimama siku moja nikawaeleza wazee, waliokula sengu kabla baba yangu hajazaliwa, kwamba huo ni mfano wa mila inayoendana na wakati. Wakanipigia makofi. Mzee Ditram hakupiga.

Tangu masika, Jumapili ya sengu ikikaribia, mama mdogo alikuwa anakopa kuku kwa jirani. Jumapili ile alinikabidhi hotipoti imefungwa kwa kitenge, fundo limekazwa.

"Beba. Usiifungue."

Niliinua, nikaacha kutembea. Nikamtazama. Akafunga mlango, akamshika mtoto mkono, akatangulia. Baba mdogo alikuwa mbele na shati lake jeupe, akisalimiana na watu wa mtaani kama mgombea udiwani. Njia nzima nilikuwa nasikiliza kama kuna kitu kitacheza humo ndani. Hakuna kilichocheza. Nilifikiria kujikwaa kwa makusudi niimwage njiani, nikagundua kwamba hakuna cha kumwaga.

Tulifika, tukatoa shikamoo zetu, hotipoti ikapangwa na nyingine kwenye mkeka mbele ya Mzee Ditram. Wanawake walikaa upande wa jikoni, karibu kiasi cha kusikia kila neno. Utaratibu wa mzee ulikuwa maneno kwanza, chakula baadaye, kwa kuwa tukishiba tunasinzia. Kwa hiyo nilikaa nikilitazama lile fundo la kitenge huku watu wakizungumzia misa ya marehemu, bei ya kahawa na barabara ya Mbamba Bay.

Ndipo Bosko, binamu wa baba mdogo, dereva wa lori la mahindi, akakohoa.

"Wazee, nina neno. Tajiri wangu anafungua kinu cha kusaga na kukoboa pale Tandika. Anatafuta msimamizi. Amesema, Bosko, niletee mtu wa kwenu. Sasa nauliza, nani hapa amekaa bila kazi?"

Watu wakatazamana. Bosko akacheka.

"Kwa kweli ningemtaja Otmar, maana mashine anazielewa. Lakini fundi mzima wa kiwanda, aje kula vumbi la pumba na sisi?"

Wakacheka wote, na baba mdogo akacheka kuwazidi.

"Mpeni huyu," akasema, akinipiga begani. "Kijana amesoma mpaka kochi langu limebonyea."

Wakacheka tena. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa unacheka na mkono wake ulikuwa umebaki begani kwangu, unabana.

Mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kusema, baba mdogo anaijua kazi hii kuliko mimi, mpeni yeye, nao wangeelewa au wasingeelewa. Nilikuwa na maneno mengi enzi hizo; nilikuwa nayatumia kuwaeleza watu mambo yao wenyewe. Lakini nilifikiria mshahara. Nilifikiria chumba cha peke yangu na kitanda. Nikasema, "Nashukuru sana, baba Bosko. Nimekubali."

Mzee Ditram akasali, akaanza kufungua vyombo. Alikuwa anafungua mwenyewe, kimoja kimoja, akitaja nyumba kilikotoka na kuishukuru. Pilau ya kwa Bosko. Kuku wa kwa Gaudensia. Dagaa wa Nyasa, akawasifia. Akafika kwenye kitenge chetu. Fundo lilimsumbua. Baba mdogo akanyoosha mkono amsaidie, akatabasamu, akalifungua yeye mwenyewe, na mzee akainua kifuniko.

Ilikuwa tupu. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa.

Mzee alitazama ndani kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kwamba hakuna kitu. Halafu, bila kupandisha sauti, akaita.

"Skola, mwanangu. Umesahau kupakua?"

Mama mdogo alisimama, akapiga goti pale alipokuwa.

"Sijasahau, baba. Mliponioa mliniambia kwenye sengu mke analeta alichopika. Nimeleta tulichopika."

Baba mdogo alikuwa bado amekishika kile kitenge.

"Otmar," mzee akasema.

"Naam, baba."

"Kiwandani vipi?"

Nilidhani atasimama aondoke. Nafikiri na yeye alidhani hivyo, maana magoti yake yalianza kunyooka. Halafu yakarudi chini.

"Sina kazi, baba. Tangu masika."

Bosko akaweka mikono kichwani. Mtu mmoja akaanza kusema pole, mzee akamzuia kwa kiganja, akanigeukia mimi.

"Wewe unalala kwake."

"Ndiyo, babu."

"Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Na bado ukasema umekubali."

Nikasema ndiyo.

"Unakula kwa mtu, unaona uji wa watoto unakuwa mwepesi, unanyamaza, halafu kazi yake ikipita mbele yake unaidaka. Nani alikufundisha hivyo? Maana sisi hatukukufundisha, na sidhani kama chuoni wanafundisha."

Kisha akawageukia wote, na hapo sauti ikapanda kidogo.

"Na sisi wengine tusijifanye. Nyumbani, asiye na kitu alikuja sengu ili ale. Hapa mwanangu amekuja sengu kujificha, kwa sababu tumeigeuza maonyesho ya kuku. Huyu binti wa ziwani ameolewa tu kwetu, na ndiye pekee aliyeshika tulichomwambia. Kuanzia mwezi ujao, atakayeleta kuku na nyumbani kwake wiki hiyo hakukuliwa kuku, atarudi naye."

Nimewahi kujisifu mbele ya watu kwamba kazi ile niliirudisha. Hapana, mwanangu. Ilitolewa mkononi mwangu. Bosko alisema tu, "Otmar, kesho asubuhi nakupitia," na baba mdogo akaitikia kwa kichwa, na mambo yangu yakaishia hapo.

Tulikula. Mzee alihakikisha Otmar anakula kwanza, akimsogezea dagaa kwa mkono wake. Wakati wa kuondoka, kina mama walikuwa wameijaza hotipoti yetu mpaka kifuniko kikagoma kufunga. Nilipoinama kuibeba, baba mdogo akaniwahi.

Tulitembea, watoto mbele, mama mdogo nyuma kabisa. Baba mdogo hakumsemesha mkewe njia nzima, na haikuwa njia nzima tu. Zilipita siku za baridi kali katika nyumba ile. Lakini karibu na mlango alisimama, akaihamishia hotipoti mkono mwingine, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Nilitaka uende na ile kazi, uhame. Nipunguze tumbo moja."

Sikujua nilie au nicheke. Mama mdogo, nyuma yetu, alicheka. Wiki ileile nilihama kochi, nikarudi huku kufundisha, na kila nilipopita Dar nilimkuta baba mdogo mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, akiilalamikia mashine kwa furaha.

Sasa sikia ninachotaka uondoke nacho.

Kazi ya mjini hukatika, na wala haikatiki kwa sababu wewe ni mjinga. Ikikatika, sema siku hiyohiyo, kwanza kwa mtu unayelala naye chini ya paa moja, halafu kwa ndugu. Usingoje upate nyingine ndipo usimulie kama mkasa uliokwisha, maana hiyo nyingine iko mdomoni mwa Bosko fulani ambaye hajui kwamba unaihitaji, na atampa mtoto mvivu wa kaka yako. Ukinipigia simu, usiniambie uko poa kabla hujafikiria kama uko poa. Simu ya namna hiyo nimeipokea kwa watoto wengi wa hapa, na huwa najua.

Na utakapokuwa unakula kwa watu, maana mwanzoni utakula kwa watu, angalia sufuria. Ukiona imepungua, usikae ukiichunguza kama mimi. Tafuta kibarua chochote, nunua unga, uweke jikoni bila hotuba. Ukipita mbele yako mlango unaomfaa mwenzako zaidi, sema jina lake kwa sauti. Utaumia siku chache. Mimi nimeumia zaidi ya hapo kwa kunyamaza.

Haya, amka, basi halimsubiri mtu. Mungu wa babu zako wa Ukata na wa bibi zako wa ziwani akutangulie. Akupe kazi, na akupe watu. Na siku mkono wako utakapokuwa mtupu, akupe mkeka ambapo utaweza kusema "sina", ukasogezewa sahani, ukala.