Bi Mdogo Hashiki Mimba

Sungura alikuwa wa mke wangu. Mimi ni mshonaji viatu, wanyama sikuwajua. Alimnunua kwa kinyozi wa mtaani, yule tunayemwita Wembe, ambaye nyuma ya kibanda chake anafuga sungura wa kupeleka kwenye maonyesho. Jike jeupe, masikio meusi. Mke wangu akamwita Bi Mdogo. Wageni wakija aliwaambia huyu ni mke mwenzangu, mume wangu anampenda kuliko mimi. Uongo. Nilikuwa hata simgusi.

Mke wangu alitaka kitu kimoja tu: Bi Mdogo azae, watoto wake awapeleke maonyeshoni. Maradhi yakamwahi.

Baada ya maziko binti yetu alitaka kumchukua sungura ampe jirani yake. Nikamwambia amwache. Nikaenda kwa Wembe kumwomba dume.

Akanieleza kwamba jike ndiye hupelekwa kwa dume. Ukimleta dume kwake, atamrarua.

"Mwanamke kwake ni bosi, Mzee wangu. Umeoa miaka yote hiyo, hilo hulijui?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu tumzike.

Bi Mdogo akapelekwa. Mwezi ukapita, hamna kitu. Nikampeleka tena, akajikunyata pembeni kama mzigo. Wembe akasema labda umri umeenda. Jike akichelewa uzazi wa kwanza, ndiyo basi. Alisema hayo bila kunitazama. Akanishauri nimpeleke kwenye maonyesho, kuna mwamuzi anayejua sungura kwa kumpapasa.

Ukumbi ulijaa vizimba. Mwamuzi, mama wa makamo, akamweka mezani, akamtazama meno na kucha, akapuliza manyoya. Kisha akapitisha kiganja mgongoni, akakiacha hapo.

Zawadi hatukupata. Nikamweleza habari ya mimba. Akasema huyu hajazeeka, amenenepa. Mafuta yamemjaa, mimba itashika wapi? Akauliza anakula nini. Nikasema majani, kama alivyolishwa na mke wangu.

"Na nini tena, Baba?"

Kila asubuhi nakata mkate wa watu wawili. Mkono umezoea. Kipande cha mke wangu siwezi kukila, na kukitupa siwezi. Nampa Bi Mdogo. Jioni nikipika, vivyo hivyo.

"Chakula cha marehemu," nikasema.

Mama yule akamrudisha Bi Mdogo mikononi mwangu, taratibu.

"Ukitaka azae, mpe nyasi kavu, majani na maji. Hicho kingine, Baba, pika kidogo."

Kumzika mke wangu nilisaidiwa na watu. Kukata mkate wa mtu mmoja nilikuwa peke yangu. Siku za mwanzo kisu kilikwenda palepale. Kipande kilichobaki nilikila mwenyewe, mpaka mkono ukajifunza. Bi Mdogo alisimama kwenye waya akinisubiri. Nilimwekea nyasi, nikaondoka bila kugeuka.

Mifupa ya mgongo wake ilipoanza kupapasika, nikamrudisha kwa Wembe. Safari hii alishika. Siku zilipokaribia akajinyonyoa manyoya ya kifuani, akatandika kiota, akazaa. Mmoja alikufa. Waliobaki wamelala chini ya manyoya ya mama yao. Ukiweka mkono, kuna joto.

Binti yangu alikuja kuwaona. Alikaa sana mbele ya banda. Halafu akauliza ni yupi nitampeleka maonyeshoni.

Nikamwambia bado hawajafungua macho.