Mkono wa Shoto

Watu husema wazee wa zamani hawakujua faida ya kumsomesha binti. Wangu walijua. Mwalimu wetu wa kike alikuja mpaka nyumbani kwetu Ngamiani akawaambia, nami nyuma ya pazia nasikia. Basi mtu asiniletee habari za ujinga wa zamani.

Shule yenyewe sikuipenda sana. Nilichokipenda kilianza kengele ya mwisho ikishalia. Tulipita kwa bibi mmoja tukanunua mabungo, tukayala kwa chumvi na pilipili huku tunakwenda kiwanjani kucheza nage. Wawili wanarusha mpira wa matambara, mmoja huku na mmoja kule. Waliobaki wako katikati, wanakwepa. Ukipigwa umekufa, unatoka. Na ubishi sasa!

"Umekufa we, toka!"

"Sijafa, umegusa gauni tu."

"Hilo gauni limekuja kucheza peke yake?"

Mimi nilikuwa mrushaji. Nyumbani shangazi aliuchapa mkono wangu wa kushoto tangu utoto, ili nile kwa wa kulia, niandike kwa wa kulia, nisalimie kwa wa kulia. Kote aliweza, kwenye nage hakuweza. Shoto langu lilikwenda chini, usawa wa magoti, mahali pasipokwepeka. Hapo kiwanjani tu ndipo mwili huu ulikuwa wangu.

Nikiwa darasa la nne nikavunja ungo. Shangazi huyo, dada yake baba, aliyekuja kutoka Tongoni mama alipofariki na kuishika nyumba nzima, akaniweka ndani siku ile ile. Chumba kilikuwa na kidirisha cha nondo upande wa barabarani. Kila alasiri nilisikia wenzangu wakifa na kubishana, nami nimekaa kitandani nasuka ukili wa mkeka.

Ndipo mwalimu akaja. "Shikamoo mzee. Mtihani umekaribia, na mtoto huyu atapasi, aende shule ya kati. Naomba aje na buibui lake, hata uso afunike."

Baba akasema, "Akitulia ndani mpaka siku hiyo, nisisikie neno, ataufanya."

Nikatulia kama maji ya mtungi.

Mtihani ukiwa karibu kabisa, kukatokea msiba mtaa wa pili. Shangazi akanivika buibui, akanifunika uso. "Nifuate nyuma. Usiangazeangaze macho." Njia ilipita kando ya kiwanja. Mpira ukatoka mchezoni, ukabingirika, ukaja kusimama miguuni pangu.

"Bi mkubwa, tupe mpira wetu!" aliita shoga yangu, niliyekaa naye dawati moja. Hakunijua.

Sikufikiri. Mkono uliokota wenyewe, ukarusha wenyewe. Mpira ukampata goti msichana aliyesimama katikati.

"Umekufa!"

"Nimeuliwa na nani? Bibi yule hachezi!"

"Ngoja kwanza," akasema shoga yangu. "Shoto hilo! Shoto hilo ni la mtu mmoja tu mji huu!"

Wakanijia mbio, wote, huyu ananikumbatia, huyu ananivuta, ushungi ukaanguka. Kwa fundi baiskeli pale wanaume wamekaa wanakunywa kahawa. Nami nilikuwa nacheka. Hilo nalikumbuka vizuri, nilikuwa nacheka.

Wahusika nawataja. Wa kwanza yule fundi baiskeli, aliyelifikisha msikitini kabla ya magharibi kwamba mwari wa fulani anacheza nage na buibui. Kwake ulikuwa mzaha. Wa pili shangazi, aliyemwapia baba kwamba nilijifunua kwa mkono wangu, na macho yake yaliona nilivyofunuliwa. Wa tatu baba mwenyewe. Hakuniuliza. Alisema, "Basi," akaenda kutawadha. Shoga yangu simtii humo. Alifurahi kuniona, basi.

Siku ya mtihani, mimi nimefungiwa ndani, wenzangu walipotoka hawakwenda kiwanjani. Walikuja kucheza chini ya dirisha langu, wanapiga kelele makusudi nisikie. Mara mpira ukapita kwenye nondo, ukaniangukia mapajani. Nikaurudisha kwa shoto. Nje wakashangilia. Ukaja tena, nikaurudisha. Nilikuwa nacheza na watu nisiowaona, na safari hii sikumwua mtu.

Ulipoingia mara nyingine, shangazi naye akaingia. Akavuta dirisha, akatia komeo.

"Shangazi, tupe mpira wetu!" Wakagonga, wakabembeleza, wakagonga tena. Baba alikuwa ukumbini juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Alikuwa akisikia. Hakuinuka.

Wakaenda zao.

Nilipotolewa chumba kile ilikuwa kupelekwa chumba kingine, Mwera, kwa mume niliyechaguliwa. Mpira niliuacha uvunguni, shangazi aukute akifagia.