Kadi Nyekundu Mbele ya Jeneza

Hasani Swalehe hamsalimii Bartolomayo Ndahani. Wote wawili ni mafundi pancha wa Miyuji, Dodoma, na kinachowatenganisha ni upana wa barabara tu. Kwa miaka tisa walifanya kazi chini ya turubai moja. Tangu Machi mwaka huu kila mmoja ana turubai lake, na kilichowafikisha hapo ni mpira.

Saa mbili asubuhi gari dogo jeupe linasimama upande wa Bartolomayo. Tairi la nyuma limekaa chini kabisa. Mwenye gari anakwenda ofisini Mtumba, amechelewa, na anatazama saa hata kabla hajafungua mlango. Bartolomayo anapiga jeki, anatoa nati, analizungusha tairi kwenye beseni la maji mpaka mapovu yanapotoka. Anaziba tundu. Anajifuta mikono kwa kitambaa chekundu kilichokwisha rangi. Kisha anavuta pampu ya mguu.

"Huna kompresa, baba?" mwenye gari anauliza.

"Ipo," anajibu Bartolomayo. "Iko ng'ambo."

Mwenye gari hana muda wa kusubiri mguu wa mtu. Analisukuma tairi kuvuka barabara hadi kwa Hasani, ambako mashine inanguruma. Hasani analijaza upepo bila kuuliza nani ameliziba. Tairi linarudi. Mafundi hawatazamani.

Bartolomayo ana miaka arobaini na saba. Ni Mgogo wa Hombolo, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu baba yake alihitaji mtu wa kuchunga. Alijifunza pancha kwa kukaa karibu na waliokuwa wakiziba. Ni shabiki wa Simba tangu hajawahi kuona televisheni, na watu wa Miyuji wanamjua kwa mdomo wake kuliko kwa jeki yake.

Maoni yake ni mengi na hayaombi ruhusa. Anasema mpira wa miguu unachezwa mara mbili, dakika tisini uwanjani na wiki nzima kijiweni, na kwamba huo wa kijiweni ndio mgumu kwa sababu hauna mwamuzi wa kumaliza. Anasema mashine ya kurudia picha kumsaidia mwamuzi ni hasara kwa taifa, maana ubishi ukiisha watu watarudi nyumbani mapema na kugombana na wake zao. Timu ya mji wake, Dodoma Jiji, anaipenda kama mtu anavyompenda mjomba: anaiheshimu, anaisalimia, lakini siku Simba inapokuja Uwanja wa Jamhuri hamjui mjomba.

Upande wa pili wa ubishi huo alikuwapo Mudrick, mdogo wake Hasani, dereva wa lori la alizeti. Mudrick alikuwa Yanga. Kila lori liliposhuka kutoka Kondoa lilisimama kwanza kwenye turubai lile, hata kama matairi yote yalikuwa mazima.

Ubishi wao ulikuwa na mchezo wake. Mashabiki wa Yanga huwaita wenzao wa Simba makolo, na kwao Mudrick ni Kolo, kijiji cha Kondoa. Mudrick akishuka tu kwenye lori, Bartolomayo alimpokea kwa kumwambia kwamba mtu aliyezaliwa Kolo hawezi kuwa Yanga, arudi akazaliwe upya. Mudrick alijibu kwamba yeye anatoka Kolo lakini kolo mwenyewe ni huyu aliyeshika jeki. Mwanahawa, anayeuza chai na maandazi hapo jirani, anasema aliusikia mzaha huo mpaka akaweza kuusema pamoja nao, na bado alicheka kila mara.

Waliitana mtani. Hilo ndilo neno lililoleta matatizo.

Jumapili zisizo na mechi ndizo zilizowaingiza kwenye mbio za magari. Hasani alikuwa ameweka televisheni na king'amuzi ndani ya kontena lake ili madereva wakae. Alasiri moja hakukuwa na mpira, wakaangukia langalanga, yale magari ya chini yenye matairi nje. Hasani alitaka kubadili chaneli. Mudrick alimzuia, akaonyesha watu wenye kofia ngumu waliolizunguka gari na kulibadilisha matairi yote manne kwa muda wa kupiga chafya. Akasema hao nao ni mafundi pancha.

Kuanzia siku hiyo Bartolomayo akawa na maoni mapya. Anasema dunia inamshangilia dereva kwa makosa. Anayeshinda ni tairi. Dereva hodari kwake ni yule anayejua kulitunza mpaka mwisho, na wengi wanaokimbia sana mwanzoni anawaita walevi. Hata hivyo, sekunde mbili za mafundi wale hazimtishi.

"Wana nati moja kwa kila tairi, na gari moja wanalizunguka watu kama ishirini," anasema. "Hiluksi ina nati sita na niko peke yangu. Waje Miyuji na vumbi hili, tuone."

Kitu kilichomgusa zaidi katika langalanga kilikuwa bendera nyekundu. Alikiona mwaka juzi, gari lilipogonga ukuta na dereva akachelewa kutoka. Bendera zikainuliwa, na magari yote yakapunguza mwendo na kurudi kusimama, hata la aliyekuwa akiongoza. Mudrick ndiye aliyemsomea maana yake kwenye simu: mmoja ameumia, wote wanasimama, na bendera haimlaumu mtu.

Ilikuwa katika kontena hilo, mbele ya Mwanahawa aliyeleta chai, Mudrick alipotoa ahadi yake. Simba walikuwa wamepoteza mechi na Mudrick alikuwa amejaa furaha. Akamwambia Bartolomayo kwamba siku akifa, aje msibani na jezi yake nyekundu, maana hataki kuzikwa bila kumcheka mara ya mwisho. Bartolomayo akamjibu kwamba atakuja, tena atampa kadi. Wakagonga mikono.

Machi mwaka huu Mudrick alishikwa na homa. Alipelekwa hospitali Jumanne, na Alhamisi akafa. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Kuelewa alichofanya Bartolomayo ni lazima kujua alichokiona utotoni. Baba yake alipofariki Hombolo, watani wa Kinyamwezi walikuja. Mmoja alikaa ukingoni mwa kaburi na chepe mikononi, akakataa kuondoka mpaka apewe kuku. Mwingine alijilaza akadai yeye ndiye maiti. Watu walicheka huku wanalia, na mama yake, ambaye hakuwa amekula tangu kifo, alikula jioni hiyo. Bartolomayo alikua akiamini kwamba mtu asiyekuwa na mtani msibani kwake amezikwa kama mkimbizi.

Basi akaenda Kolo akiwa na jezi ya Simba chini ya koti, filimbi mfukoni, na kipande cha boksi alichokipaka rangi nyekundu. Mkewe, Hilda, aliiona jezi asubuhi alipokuwa akivaa. Alimwambia aivue. Hakuivua.

Wanaume waliinua jeneza wakatoka uani kuelekea makaburini. Bi Joha, mama wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wenzake. Bartolomayo akavua koti, akatokea mbele ya njia, akapuliza filimbi, akainua kadi.

"Mtani, umetolewa mapema!" alisema kwa sauti ya kijiweni. "Hupiti hapa mpaka nipewe kuku."

Hakuna aliyecheka. Jeneza lilisimama. Walioshika mbele walitazamana. Hasani alikuwa mmoja wao, bega lake la kulia likiwa chini ya mti wa jeneza.

Aliyesema ni Bi Joha. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu amecheza rafu gani?"

Bartolomayo anasema hapo ndipo alipoelewa. Kadi nyekundu anapewa aliyekosa. Alikuwa amemwonyesha mama kwamba mwanawe ametolewa duniani kwa kosa. Aliishusha kadi, lakini wanaume walikuwa wameshampita pembeni na jeneza, wakimzunguka kama wanavyolizunguka shimo la barabarani. Hakwenda makaburini. Alirudi Dodoma kwa lori lililokuwa limebeba magunia.

Siku ya pili Hasani alikuja na mkokoteni. Alichukua kompresa, televisheni na king'amuzi, vyote vyake, akavivusha barabara. Wiki iliyofuata akalipa watu wakalihamisha kontena. Jeki kubwa ya malori ilikuwa ya Bartolomayo, na Hasani hakuigusa. Sasa fundi mmoja ana upepo na mwingine ana jeki. Malori ya Kondoa, yanayohitaji vyote viwili, yanapita bila kusimama.

Bartolomayo alikuwa akiondoka na shilingi elfu ishirini siku nzuri. Sasa akifikisha elfu tisa anashukuru. Hali ya Hasani si bora sana, ingawa hapendi kuisema.

Ng'ambo ya barabara Hasani, miaka arobaini na nne, anazungumza huku akisugua rimu kwa msasa. Hana hasira, au ameimaliza.

"Mimi simchukii. Simsalimii tu," anasema.

Habari ya ahadi ameshaisikia. Mwanahawa alimweleza yote: chai, jezi, mikono iliyogongwa. Hasani anakubali kwamba huenda ni kweli. Mdogo wake alisema mengi. Aliwahi kusema pia kwamba ataoa binti wa waziri.

"Maneno ya kijiweni ni ya kijiweni," anasema Hasani. "Mama yangu si mtu wa kijiweni. Yeye hamjui Simba, hamjui Yanga. Aliona mtu mwenye nguo nyekundu anampulizia maiti filimbi." Anaendelea kusugua. "Hata leo trafiki akipuliza, nashtuka."

Kama Wagogo na Warangi, kabila la akina Hasani, ni watani wa kweli, pale Miyuji hakuna mwenye jibu moja. Wazee wawili wanaokunywa chai kwa Mwanahawa walipoulizwa walitoa majibu matatu. Hasani anasema katika ukoo wao hakuwahi kusikia utani huo. Utani aliokuwa nao Bartolomayo na Mudrick ulikuwa wa magazetini, wa Simba na Yanga, wanaoandikwa kila mwaka kuwa ni watani wa jadi. Bartolomayo alilibeba neno hilo kama lilivyo, akalipeleka msibani.

Sasa mpira hauzungumzii tena. Mashabiki wanaokuja na habari za mechi anawasikiliza, anaziba, anadai hela yake. Wanamchokoza kwamba Simba imemfia. Langalanga ndiyo anayoitazama, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, Jumapili, mpaka bando liishe. Anasema huko hakuna mtu anayemwita mwenzake mtani, na hilo limempumzisha. Kisha anasema kitu kingine, na hapo sauti yake inashuka.

"Nilipaswa kuinua bendera, siyo kadi. Rangi ni ile ile. Bendera ingesema mmoja wetu ameumia, tusimameni wote. Mudrick angeielewa." Anavuta beseni karibu. "Lakini mama asingeielewa hata hiyo."

Amejaribu kurekebisha. Mei alimtuma Mwanahawa avuke barabara na ombi moja: atozwe faini. Jogoo, mbuzi, chochote watakachotaja. Mwanahawa anasema hajawahi kumwona mtu anaomba faini kwa unyenyekevu namna ile.

Sababu anayo. Mtani akivuka mpaka hutozwa, analipa, watu wanakula, mambo yanaisha. Mgeni hatozwi, mgeni anaachwa.

"Wakinitoza, nitajua bado mimi ni mtani wao," anasema. "Wasiponitoza, basi mimi ni mtu tu niliyewapigia filimbi msibani."

Hasani alimrudisha Mwanahawa na jibu fupi: faini haiko mikononi mwake. Aliyekosewa ni mama. Mama ndiye atakayesema kama kuna mtani hapo au hakuna. Na Bi Joha, alipofikishiwa habari hizo, aliuliza kama mtu huyo ana mama. Akaambiwa mama yake alishafariki. Faini hakuitaja.

Machi ijayo itasomwa dua ya mwaka nyumbani kwa Bi Joha. Bartolomayo amepanga kwenda. Atavaa shati jeupe. Ataketi nje na wanaume, hatasogea karibu na mlango mpaka aitwe, na akiitwa atamwamkia Bi Joha na kunyamaza. Mbuzi yupo tayari Hombolo, anakuzwa na shemeji yake. Asipoitwa atakula alichopewa, atashukuru, na mbuzi atabaki Hombolo. Hasani ameusikia mpango huo na hakumkataza. Hakumkaribisha pia.

Jioni Bartolomayo anakunja turubai. Anajifuta mikono kwa kile kitambaa chekundu. Hilda ndiye aliyekikata, usiku ule ule mumewe aliporudi kutoka Kolo, na ukikikunjua unaona bado nusu ya namba ya mgongoni.

Mpaka sasa utani ule umemgharimu hivi. Kompresa moja, iko ng'ambo. Televisheni moja, iko ng'ambo. Malori yote ya alizeti. Jezi moja, matambara manne. Salamu ya asubuhi. Na marafiki wawili: mmoja amelala Kolo, mwingine yuko upande wa pili wa barabara, anajaza upepo.