Agizo Lililokatwa Vibaya

Macho ya Tata, baba yangu, yalipogeuka manjano, tulidhani ni ini tu. Alikuwa mkulima wa migomba na kahawa huko Kimwani, mtu wa kushika jembe hata siku ya homa. Mimi nilifundisha baiolojia sekondari mjini Bukoba, basi nikamleta kwangu Rwamishenye na kumpeleka hospitali. Baada ya vipimo, daktari, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, aliniita peke yangu.

"Ni saratani ya kongosho," alisema. "Uvimbe ni mdogo, ila umeshafika kwenye ini."

"Mdogo, na umeshasafiri? Umesafirije?"

Nilipomtajia kazi yangu, akavuta karatasi. Seli hunakili agizo la DNA liwe RNA, alisema, kisha hukata vipande fulani na kuunga vinavyobaki. Hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni miaka yote. Akaandika: *Usiondoke hapa*. Akaikata "si" kwa kalamu, akaandika upya: *Uondoke hapa*.

"Ukataji ukienda kombo, seli inaweza kupata agizo jingine. Katika saratani hii, watafiti wanaona makosa ya namna hiyo yakiisaidia kuhama. Si sababu pekee. Na dawa ya kuyarekebisha hapa hatuna."

Kila neno nililielewa, lakini nilipotoka nje nilishindwa hata kukumbuka geti liko upande gani.

Shangazi, dada yake Tata, alikuwa amefika nyumbani kutoka Kimwani. Hakutaka habari za karatasi.

"Kaka yangu kalishwa sumu," alisema. "Ni yule jirani yake kule Kimwani. Tangu wagombee mpaka wa kibanja cha migomba hawajasalimiana."

Tata hakumkanya. Hilo ndilo lililonitisha.

Asubuhi nilikaa kando ya kitanda chake, nikamweleza ugonjwa wake na kumwandikia maneno yale yale. Aliyafuata kwa kidole.

"Nani aliyekata?"

"Hakuna mtu, Tata. Ni mwili umekosea."

"Mbona haukukosea nilipokuwa kijana?"

"Sijui."

"Si wewe mwalimu?"

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Yeye aliikunja ile karatasi.

"Kama hakuna mtu," alisema, "nirudishe nyumbani. Halafu kamwite jirani."

Tulipofika Kimwani jirani alikuja, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa shaurini. Tata alimnyooshea mkono. "Nilikudhania vibaya," alimwambia kwa Kihaya. Habari za mpaka hawakuzigusa, waliongea juu ya mnyauko unaomaliza migomba. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi kunisaidia kumgeuza mgonjwa kitandani, hadi Tata alipofariki wiki chache baadaye.

Msibani shangazi alikataa kumpa jirani mkono. Akanivuta pembeni.

"Umemdanganya kaka yangu kwa kalamu."

Daktari mwenyewe alisema si sababu pekee, nami nilikuwa nimemwambia Tata "hakuna mtu" kwa uhakika nisiokuwa nao. Je, nilimpa ukweli, au nilimpa tu kitu cha kumtuliza? Shangazi aliingia ndani kulia na wanawake wenzake. Jirani alikuwa nje, akipanga viti vya wageni. Nilibaki kizingitini, nisijue niende kwa nani.