Chaki Nyuma ya Sikio

Fundi wa matairi huchomeka chaki nyuma ya sikio, na gari likiingia hupapasa tairi kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siku ile mama mmoja, mtoto mgongoni, alimtazama roho mkononi. Gari lilikuwa la shemeji yake, naye shemeji amefura: "Tairi la tatu hili mwaka huu! Shemeji, hujui kuendesha. Leo funguo zinabaki kwangu." Funguo zikibaki kwake, kazi ya mama ya kusambaza mikate madukani imekwisha. Fundi akachora mstari mweupe kukatiza tairi, akalisukuma gari hatua chache, akachutama, macho yakang'aa.

"Njooni muone! Njooni!" Chaki ilikuwa imefutika upande wa ndani tu, nje bado nyeupe pee. "Upepo ungekuwa umepungua, chaki ingefutika kando zote mbili. Hapa gurudumu limekaa mshazari, tairi linalika upande wa ndani. Hata aendeshe malaika, litalika tu!" Kidole chake cheusi kikatambaa kwenye rimu, kikasimama penye mbonyeo. "Nani aligonga ukingo wa barabara?"

Shemeji akakohoa.

"Shemeji," mama akadakia, "si siku ile uliyorudi ukasema umekwepa mbuzi?"

"Mbuzi alikuwa mkubwa," shemeji akanong'ona.

Fundi alicheka hadi chaki ikamdondoka. Akaiokota, akairudisha sikioni, akazichomoa funguo mkononi mwa shemeji na kumpa mama. "Washa, dada. Liingize ndani tulinyooshe gurudumu."